Kuwa kwenye orodha si kupata kazi: Serikali huteuaje washauri wa usimamizi?

KILA mwaka wa kifedha unapokaribia kumalizika hapo Juni 30, wizara, kaunti na mashirika ya serikali hutoa matangazo ya kualika kampuni zinazotaka kuwauzia bidhaa na huduma zijiandikishe. Katika makundi yanayotajwa, baina ya vifaa vya afisi na unyunyiziaji wa dawa za wadudu, hakukosi huduma za ushauri: kuandaa mpango mkakati, kupima utendakazi wa wafanyakazi, kuunda upya idara au kuchunguza iwapo wananchi wanaridhishwa na huduma.

Kampuni nyingi changa hutuma maombi, huarifiwa kwamba zimekubaliwa, kisha hungoja simu isiyolia. Baadhi huishia kuamini kwamba zimetapeliwa. Huenda ndivyo katika visa fulani, lakini mara nyingi tatizo ni kwamba mambo mawili tofauti yamechanganywa.

Jambo la kwanza ni orodha yenyewe. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 7, 2016, inaitaka kila taasisi ya umma iwe na orodha ya wauzaji waliosajiliwa. Anayeomba kuingizwa huonyesha cheti cha usajili wa kampuni, majina ya wakurugenzi, cheti cha kuthibitisha kwamba amelipa kodi na ushahidi wa ujuzi wake. Kampuni iliyopigwa marufuku kushiriki zabuni, adhabu ambayo haipungui miaka mitatu, haina nafasi. Orodha hiyo haiahidi kazi wala malipo. Humwezesha tu afisa wa ununuzi kujua nani anaweza kualikwa.

Jambo la pili ni mchujo wa kazi mahususi, na hapa ndipo ushauri unapotengana na ununuzi wa viti au karatasi. Kiti huonekana na kupimwa. Ushauri ni akili ya mtu, na ubora wake haujulikani hadi kazi ifanyike. Kwa sababu hiyo sheria imeutengea ushauri sehemu yake peke yake.

Kwa kawaida taasisi huanza kwa kuandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, muda wake na matokeo yanayotarajiwa. Kisha hutangaza kwamba inapokea maombi ya wanaovutiwa na kazi hiyo. Katika hatua hii bei haitajwi. Kampuni hueleza tajriba yake na wataalamu ilio nao, na zinazofaulu huwekwa katika orodha fupi. Hizo pekee ndizo hupewa stakabadhi za kuandaa mapendekezo kamili, katika bahasha mbili: moja ya ufundi na nyingine ya bei. Bahasha ya bei hubaki imefungwa hadi ile ya ufundi ipewe alama, na kampuni isiyofikisha alama za chini zilizowekwa hurudishiwa yake bila kufunguliwa.

Wanaotoa alama hizo ni kamati ya tathmini ya watu watatu hadi watano, inayoteuliwa na afisa mhasibu wa taasisi. Njia inayotumiwa sana ni ya kuunganisha ubora na gharama. Ni hesabu nyepesi, ila yafaa kila mshiriki aielewe kabla ya kutia sahihi.

Tuseme kampuni mbili zimefika mwisho. Ya kwanza imepata alama 90 za ufundi na inadai Sh12 milioni. Ya pili imepata 78 na inadai Sh8 milioni. Yenye bei ya chini hupewa alama 100 za bei. Nyingine hupewa kwa uwiano, hivyo ile ya Sh12 milioni hupata takriban 66.7. Iwapo ufundi una uzito wa asilimia 80 na bei asilimia 20, ya kwanza itakuwa na jumla ya 85.3 dhidi ya 82.4, na itashinda licha ya kudai Sh4 milioni zaidi. Lakini uzito ukiwa 70 kwa 30, ya kwanza itapata 83 na ya pili 84.6. Mshindi amebadilika ilhali hakuna aliyegusa pendekezo la yeyote.

Ndiyo maana vigezo na uzito wake sharti viandikwe katika stakabadhi tangu mwanzo, na kamati hairuhusiwi kutumia kipimo kingine. Mtu anayetaka kupendelea jamaa yake hahitaji kuiba bahasha. Anahitaji tu kuwa chumbani wakati uzito unapoamuliwa, au hadidu zinapoandikwa kwa namna ambayo kampuni moja pekee inaweza kuzitimiza.

Zipo njia nyingine. Taasisi inaweza kuangalia ubora pekee, kuchagua bei ya chini miongoni mwa waliofaulu, kutangaza bajeti isiyobadilika au kuteua mshauri mmoja bila ushindani. Hii ya mwisho ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi. Nchini Afrika Kusini, kampuni ya McKinsey ilirudisha karibu randi bilioni moja mwaka 2018 kutokana na kandarasi ya ushauri iliyopewa na shirika la umeme la Eskom bila ushindani.

Aliyeshindwa naye ana haki zake. Taasisi lazima iwaarifu washiriki wote kwa wakati mmoja na kuwaambia walioshindwa sababu. Mkataba hauwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita, na katika siku hizo aliyedhulumiwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, ambayo ina siku 21 za kuamua. Asiporidhika, ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu. Kampuni nyingi ndogo huzipoteza siku hizo zikitafuta mtu wa kuzieleza kilichotokea, na zikipita hazirudi.

Isitoshe, asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na walemavu, na kazi ndogo za ushauri kama mafunzo ya wafanyakazi mara nyingi huwekwa katika fungu hilo.

Hata mshindi hajamaliza safari. Sheria inakataza taasisi kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha kuwa fedha zipo, na inaruhusu riba kwa malipo yanayocheleweshwa. Licha ya hayo, mwaka 2023 serikali ililazimika kuunda kamati, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Edward Ouko, kuchunguza madeni ya wauzaji na wanakandarasi ambayo hayakuwa yamelipwa tangu 2005.