Dawa ya moyo inayolinda mshipa mkuu wa damu

Mwezi Januari mwaka 1986, mchezaji mashuhuri wa mpira wa wavu wa Marekani, Flo Hyman, alianguka akiwa benchi wakati wa mechi nchini Japani, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 31. Uchunguzi wa maiti ulibaini kuwa mshipa wake mkuu wa damu, aota, ulichanika kutokana na ugonjwa wa Marfan, ambao haukuwa umegunduliwa wakati wa uhai wake.

Ugonjwa huo wa kurithi, unaompata takriban mtu mmoja kati ya 5,000, hutokana na hitilafu katika jeni ya fibrilini, protini inayozipa nguvu tishu zinazoshikanisha viungo vya mwili. Ukuta wa aota hulegea, na kila pigo la moyo huutanua kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Hapo ndipo dawa za beta-bloka zinapohitajika. Dawa hizi huizuia adrenalini isiuchochee moyo, hivyo moyo hupiga polepole na kwa nguvu ndogo, na wimbi la damu huufikia ukuta dhaifu likiwa limepungua makali. Wengi hushangaa kuona mgonjwa asiye na shinikizo la juu la damu akipewa dawa hizo, lakini kinacholengwa ni kishindo cha kila pigo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1994, uliohusisha wagonjwa 70, ulionyesha kuwa aota za waliotumia propranololi zilitanuka polepole zaidi.

Zilitanuka polepole, lakini hazikuacha kutanuka. Dawa hairekebishi jeni, na aota inapofikia upana wa takriban sentimita 5, madaktari kwa kawaida hushauri upasuaji. Losartani, dawa ya shinikizo la damu ya aina nyingine, iliamsha matumaini makubwa baada ya kufanikiwa kwa panya. Hata hivyo, jaribio la mwaka 2014 kwa watoto na vijana 608 halikuona tofauti kati yake na atenololi. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliashiria kuwa aina hizo mbili zikitumiwa pamoja huenda zikafaa zaidi.

Katika ugonjwa wa Ehlers-Danlos wa mishipa hali ni tofauti. Huko kasoro iko kwenye kolajeni, na mshipa waweza kupasuka bila kutanuka kwanza. Utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2010 ulijaribu seliprololi, beta-bloka ambayo pia hulegeza mishipa. Kati ya wagonjwa 25 walioitumia, 5 walipata mpasuko au mchaniko. Kati ya 28 wasioitumia, 14. Idadi hiyo ni ndogo, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha.

Mwenye pumu anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuanza dawa hizi, kwani baadhi yake hubana njia za hewa. Kuziacha ghafla ni hatari, hata kama zinaleta uchovu na ubaridi wa mikono. Kila mtoto wa mgonjwa wa Marfan ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi ugonjwa huo, na aota yake yaweza kupimwa kwa mawimbi ya sauti, bila maumivu, kabla dalili yoyote haijajitokeza.