Sinema ya Motokaa Msasani

Apitaye leo Msasani kwa njia ya zamani ya Bagamoyo huuona ukuta wa Ubalozi wa Marekani. Zamani ukuta uliowavuta watu mahali hapo ulikuwa ule mkubwa mweupe wa picha.

Mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru, ilifunguliwa hapo sinema isiyo na paa. Mtazamaji aliingia na motokaa yake, akaisimamisha, akatazama picha humo humo ndani. Mtindo huu ulianzia Camden, New Jersey, mwaka 1933, katika nchi iliyokwisha kuizoea motokaa. Dar es Salaam wafanyakazi wengi walikwenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Na mwaka uliofuata, 1967, Azimio la Arusha lilitangaza Ujamaa na Kujitegemea.

Hata hivyo, tusiwaonee waliokwenda. Jumapili jioni jamaa nzima zilijipakia motokaa moja, pamoja na vyakula vyao, zikaburudika kwa picha za Kihindi. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini sinema hiyo ilijengwa kwa ajili ya wenye motokaa.

Baada ya Ubalozi wa zamani kulipuliwa tarehe 7 Agosti, 1998, na watu 11 kufa, uwanja huo ulijengwa Ubalozi mpya, uliofunguliwa mwaka 2003. Sinema imebaki katika masimulizi ya wazee. Nasi tujengapo la kuwaburudisha wananchi, hatuna budi kujiuliza kwanza: aendaye kwa miguu ataingilia wapi?