Asubuhi ya Vietnam huanza usiku

Bakuli la phở, supu ya tambi za mchele, jijini Hanoi hufika mezani kabla mteja hajakaa vizuri kwenye kigoda chake. Usidanganywe na kasi hiyo. Supu ilibandikwa jana, mchele wa tambi ulirowekwa na kusagwa mapema, na kinachoikoleza ni dagaa waliokaa pipani mwaka mzima. Kifungua kinywa cha Vietnam ni cha haraka kwa mlaji peke yake. Kwa mpishi ni kemia ya polepole, na kila eneo lina yake.

Tuanze kaskazini. Phở ilizuka mwanzoni mwa karne ya 20 huko Nam Định na Hanoi, wakati wa ukoloni wa Wafaransa. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kidogo, maji na povu vikamwagwa, kisha hubandikwa upya kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Humo kolajeni, protini ngumu ya kano na maungio, huyeyuka na kuwa jelatini, ileile inayoifanya supu ya makongoro iliyolala igande. Lakini supu ya phở hutakiwa iwe angavu, kwa hiyo haiachwi itokote kwa fujo: mafuta yangevunjika kuwa matone madogo mno na kuichafua. Tangawizi na vitunguu huchomwa motoni kwanza, vikaingia sufuriani pamoja na mdalasini, karafuu na viungo vyenye umbo la nyota vinavyolimwa Lạng Sơn, mpakani na China. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba hupangwa juu ya tambi, na supu ya moto huiivisha humohumo bakulini.

Hanoi hiyohiyo, tafuta pia bánh cuốn. Mwuzaji huchota upawa wa uji mwepesi wa mchele, akautandaza juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye mdomo wa chungu cha maji yanayochemka, akafunika. Muda si muda hupenyeza kijiti cha mwanzi chini ya utando uliojitokeza, akaunyanyua mzima bila kuuchana, akaukunja na nyama ya kusaga na uyoga. Mchele hauna gluteni inayovutisha unga wa ngano. Hapa kazi yote ni ya wanga. Ukipata maji na joto, wanga hufura na kunata. Ukipoa, molekuli zake za amilosi hujipanga upya na kukaza. Ndiyo sababu mchele wenye amilosi nyingi ndio unaofaa kwa tambi.

Ukishuka katikati ya nchi utafika Huế, makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945. Hapa asubuhi ina ukali: bún bò Huế ni tambi nene za mviringo katika supu ya mchaichai, pilipili na uduvi waliochachushwa. Kusini yake kidogo, Hội An wanakula cao lầu, tambi zenye rangi ya kahawia na supu ya kulowesha tu. Kwa desturi mchele wake hurowekwa katika maji ya majivu ya kuni. Maji hayo ni alkali, nayo alkali huukaza wanga na kuupa rangi. Kwa hiyo tambi hizo hutafunika kweli.

Karibu kila meza utakuta nước mắm, mchuzi wa samaki. Katika kisiwa cha Phú Quốc, dagaa mcheli huchanganywa na chumvi, takriban mafungu matatu kwa moja, wakafungiwa katika mapipa makubwa ya mbao kwa miezi 12 hivi. Chumvi huzuia kuoza, huku vimeng'enya vya matumbo ya samaki vikizikatakata protini na kuziachia asidi za amino, ikiwemo glutameti. Mjapani Kikunae Ikeda ndiye aliyeitambua glutameti mwaka 1908 kuwa chanzo cha utamu usio wa sukari katika supu ya mwani. Ikikutana na inosineti ya nyama, utamu huo huongezeka kupita jumla ya vyote viwili. Ndiyo maana matone machache hubadilisha bakuli zima.

Kusini, katika Jiji la Ho Chi Minh, asubuhi ni ya cơm tấm: wali wa chenga. Punje zilizovunjika mashineni zilikuwa chakula cha wanyonge. Leo watu huzifuata makusudi. Chenga hunywa maji upesi kuliko punje nzima, na juu yake huwekwa nyama ya nguruwe iliyolowekwa katika nước mắm na sukari, ikachomwa kwa mkaa mpaka ikawa ya kahawia.

Treni kutoka Hanoi hadi kusini husafiri takriban kilomita 1,700, na njiani unaweza kushuka Huế au Da Nang, lango la Hội An. Toka mapema, chagua kibanda kinachopika chakula kimoja tu, na ukae penye wenyeji wengi. Usiyekula nguruwe uwe mwangalifu: bún bò Huế kwa kawaida huwa naye ingawa ni supu ya ng'ombe, na bánh cuốn vilevile. Uliza kwanza, kisha ule kabla sufuria haijakauka.