Kamba za Kinshasa: Je, Ndizo Zilizomwokoa Muhammad Ali?

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, yapata saa kumi, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire siku hizo. Saa hiyo ilichaguliwa ili watazamaji wa Marekani waone pambano wakati wa usiku kwao. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, aliyepigana mara 40 bila kushindwa hata mara moja. Joe Frazier, ambaye alimshinda Ali mwaka 1971, aliangushwa na Foreman mara sita katika raundi mbili mjini Kingston, Januari 1973. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, naye hakuivuka raundi ya pili. Ali alikuwa na miaka 32, na ule wepesi wa miguu uliompa sifa kabla ya kuzuiwa kupigana kuanzia 1967 hadi 1970 ulikuwa umepungua.

Yaliyofuata yanajulikana. Kuanzia raundi ya pili Ali aliacha kuzungukazunguka, akaegemea kamba, akakinga uso kwa mikono, akamwacha mwenzake apige. Raundi ya nane ilipokaribia kwisha alijibandua kambani, akarusha ngumi kadhaa za haraka, na Foreman akaenda chini. Baadaye Ali aliipa mbinu hiyo jina la kejeli, lenye kuunganisha kamba na mpumbavu. Tangu hapo mabishano hayajaisha: je, ule ulikuwa werevu, au ni ukaidi uliopata bahati?

Maelezo yasikikayo mara nyingi ni kwamba kamba zilikuwa zimelegea, na kwa hiyo zilizimeza nguvu za ngumi kama godoro limezavyo uzito wa mtu aangukaye. Angelo Dundee, mwalimu wa Ali, alishutumiwa kwamba alizilegeza makusudi. Yeye alikana, akisema kuwa kinyume chake alijaribu kuzikaza. Nimewahi kusikia walimu wa ndondi wakiwafundisha vijana kwa mujibu wa maelezo hayo: egemea kamba, kamba itakupokelea. Hapana budi basi tuyapime, maana kichwa cha kijana ndicho kinachowekwa rehani.

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walipima ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa nchi hiyo. Waliona kuwa ngumi ilikwenda kwa kasi ya mita 8.9 kwa sekunde, na kani yake ilifikia nyutoni 4,096 katika muda wa milisekunde 14 tu tangu kugusa shabaha. Walilinganisha pigo hilo na lile la nyundo ya mbao ya kilo 6, iliyofunikwa kwa kitu laini, ikirushwa kwa kasi hiyo hiyo. Ngumi ya Foreman huenda ilikuwa nzito zaidi, lakini hesabu yetu haitabadilika sana.

Zidisha kilo 6 kwa kasi ya 8.9 upate 53. Hicho ndicho kipimo cha mwendo ambao ngumi humkabidhi anayepigwa. Ali alikuwa na uzito wa kilo 98. Tukichukulia kwamba mwili wake wote ulisukumwa kwa pamoja kama gogo, ungepata kasi ya kama nusu mita kwa sekunde. Na katika zile milisekunde 14 ungekuwa umerudi nyuma kwa milimita 4 hivi. Milimita 4 ni unene wa kamba ya kuanikia nguo! Kwa hiyo ngumi humaliza sehemu kubwa ya kazi yake kabla kamba iliyo nyuma ya mgongo haijaanza kuvutika. Kamba hupokea mwili uliokwisha kupigwa. Ngumi yenyewe haiipokei. Tena, mtu aliyesimama wima katikati ya ulingo yuko huru kurudi nyuma kuliko yule ambaye mgongo wake umegusa kitu. Kwa upande wa kupunguza pigo, kamba haimpi nafuu yoyote.

Ilimpa nini basi? Ilimpa nafasi. Mtu akiupinda mwili wake nyuma kupita kiasi bila kuegemea kitu, huanguka, au hulazimika kupiga hatua. Ali aliziachia kamba sehemu ya uzito wake, akaweza kukipeleka kichwa nyuma kuliko mahali ambapo mpinzani alitazamia kukikuta. Ngumi iliyomfikia huko ilikuwa mwisho wa urefu wa mkono, ambapo misuli ya mpigaji mwenyewe imekwisha kuanza kuuvuta mkono urudi. Na kichwa kinaporudi pamoja na ngumi, muda wa kugusana hurefuka. Kipimo kile cha 53 kikimalizwa kwa milisekunde 14, kani ya wastani hukaribia nyutoni 3,800. Kikimalizwa kwa milisekunde 28, kani hushuka hadi nusu. Mdaka nyanya hufanya hivyo hivyo bila kusoma fizikia.

Upande wa pili wa hesabu uko kwa Foreman. Ngumi kama ile ya Bruno huchukua nishati ya jouli 240 hivi, ambayo ingetosha kuinua debe la maji la kilo 20 hadi usawa wa kiuno au zaidi kidogo. Misuli hugeuza robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto. Ngumi inayokosa shabaha ni hasara zaidi, kwani mkono uliorushwa hauna budi kusimamishwa na misuli ya mwenye mkono. Foreman alirusha mamia ya ngumi. Akiba ya nishati ya papo kwa papo iliyomo misulini huisha kwa sekunde kama kumi za juhudi kubwa, na baada ya hapo mwili hutegemea njia za polepole zaidi, zinazohitaji mapumziko na oksijeni. Mapambano yake manane yaliyotangulia yalikuwa yamekwisha kabla ya raundi ya tatu kuanza. Zaidi ya hayo, Oktoba ni msimu wa mvua mjini Kinshasa, na mvua kubwa ilimwagika muda mfupi baada ya pambano. Katika hewa iliyojaa unyevu jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Wale wasemao kuwa Ali alijificha tu hawakuitazama filamu vizuri. Katika raundi ya kwanza alimpiga Foreman usoni kwa mkono wa kulia mara nyingi, na hata akiwa kambani aliendelea kumjibu. Walipokumbatiana alimshika shingo na kumlalia, miguu ya Foreman ikabeba watu wawili. Raundi saba zilipokwisha, waamuzi wote watatu walikuwa wamempa Ali pointi nyingi zaidi. Umati ulikuwa ukiimba kwa Kilingala, "Ali, boma ye!", yaani, Ali, muue. Msemaji wa Kiswahili akisikia neno boma hufikiri ngome, na kosa hilo si baya sana kwa aliyekuwa akitazama.

Hata hivyo, heshima ya mbinu isitufanye tusahau gharama yake. Ubongo umo ndani ya fuvu, ukizungukwa na majimaji. Ngumi inayouzungusha uso kwa ghafla hulizungusha fuvu kwanza, na ubongo ukachelewa kufuata. Nyuzi za neva huvutika kwa kuchelewa huko. Glavu haiuzuii mzunguko huo. Huilinda zaidi mifupa ya mkono wa mpigaji. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika habari za mabondia waliolewa ngumi tangu mwaka 1928.

Kinshasa lilikuwa pambano la 47 la Ali. Alipigana mengine 14, na ushindi ule ulimfunza somo la hatari, yaani kwamba anaweza kuvumilia. Hata mazoezini aliwaacha wenzake wampige. Alipigana na Frazier raundi 14 mjini Manila mwaka 1975, akapigwa sana na Earnie Shavers Septemba 1977. Baada ya hapo daktari wake, Ferdie Pacheco, alijitoa kwa kuwa ushauri wake wa kuacha ndondi haukusikilizwa. Februari 1980 alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kuhimiza nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Oktoba mwaka huo huo alipigana na Larry Holmes, akashindwa kuendelea baada ya raundi ya kumi.

Mwaka 1984 ilitangazwa kuwa ana dalili za ugonjwa wa Parkinson, na alifariki Juni 2016. Madaktari hawakuafikiana kama ndondi ndizo zilizouleta, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata hata watu ambao hawakupigwa maishani. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha uchunguzi wa mahojiano yake ya televisheni kuanzia 1968 hadi 1981. Walihesabu silabi alizotamka kwa kila sekunde. Kati ya umri wa miaka 26 na 39, usemi wa mtu huyu aliyesifika kwa ulimi kuliko bondia yeyote ulipungua kasi kwa asilimia 26. Na walipolinganisha mazungumzo yake ya kabla na baada ya pambano la Shavers, walikuta kasi imeshuka kwa asilimia 16. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla ya madaktari kuutaja ugonjwa.