Kampuni ya bima ikinunuliwa na wageni, pesheni yako iko salama?

Kila inapotangazwa kwamba kampuni ya bima ya maisha imenunuliwa na wageni, wazee wetu wanaokaribia kustaafu bandarini huingiwa na wasiwasi. Swali lao ni moja: je, pesa zetu zitahamishwa ng'ambo?

Kwanza tujue wageni hutafuta nini. Biashara ya bima ya maisha hukua kwa watu wapya kujiunga. Japani watu wanapungua na wazee ni wengi, ndiyo maana kampuni za huko zimetoka kutafuta soko nje. Mwaka 2015 Dai-ichi Life iliinunua Protective Life ya Marekani kwa takriban dola bilioni 5.7. Mwaka uliofuata Meiji Yasuda ikaichukua StanCorp, nayo Sumitomo Life ikaichukua Symetra, zote za Marekani.

Kwetu vijana ni wengi na wenye bima ni wachache, kwa hivyo mgeni huona nafasi ya kukua. Prudential ya Uingereza iliingia Kenya mwaka 2014 kwa kuinunua Shield Assurance. Mwaka 2015 Old Mutual ikachukua hisa nyingi za UAP.

Mwenye hisa akibadilika, mkataba wako haubadiliki. Unayemdai ni kampuni iliyosajiliwa Kenya, inayosimamiwa na mamlaka ya bima, IRA. Sheria inataka angalau thuluthi moja ya umiliki iwe mikononi mwa raia wa Afrika Mashariki, na pesa za bima ya maisha ziwekwe mbali na za biashara nyingine. Faida yaweza kwenda ng'ambo, lakini akiba inayosimamia ahadi yako ina ulinzi wake.

Kwa maoni yangu, la kuogopwa zaidi ni masharti unayotia saini. Katika pesheni ya kununua, unaikabidhi kampuni akiba yako kwa mkupuo, nayo inakulipa kila mwezi hadi ufe. Ukishanunua, kwa kawaida huwezi kurudi nyuma wala kuhamia kampuni nyingine.

Kwa hivyo uliza mapema. Nikifa mwaka wa pili, mke wangu atapata nini, na kwa muda gani? Malipo yatapanda kila mwaka, au yatabaki palepale? Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, shilingi 20,000 za leo zitanunua vitu vya shilingi 10,000 tu baada ya miaka 12.

Uliza pia kuhusu njia ya kuiacha akiba kwenye mfuko na kuichota kidogo kidogo kwa miaka isiyopungua 10. Hapo ukifa, kilichobaki huwaendea uliowaacha. Na sisi Waislamu tuna suala la riba na la mirathi. Mwendee sheikh unayemwamini na makaratasi yako mkononi, kabla ya kutia saini.