Bibi Arusi wa Udongo

Mgeni apandaye uwanda wa Ufipa kwa mara ya kwanza, akitokea Tunduma au akipanda kutoka bonde la ziwa Rukwa, hushangazwa na uwazi wake. Huona majani, upepo, na mbingu iliyoinama karibu kabisa na vilima. Miti ni michache, isipokuwa penye misitu kama ule wa Mbizi ulio jirani na mji wa Sumbawanga. Kisha, huko mashambani, penye mteremko karibu na kichuguu, aweza kuona mnara wa udongo mwekundu, mpana chini na mwembamba juu, wenye kimo cha mita 3 hivi na matundu kuzunguka kitako chake. Wengi hupita wakidhani ni kichuguu kingine. Si kichuguu, ingawa udongo wake umetoka kichuguuni. Hilo ni ilungu, tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Yakiwa mengi huitwa malungu.

Leo twapenda kusema habari za malungu hayo, na twapenda kuyasema kama kazi ya sanaa. Tunajua kwamba neno hilo litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Tumezoea kudhani kwamba sanaa ni kitu kiwekwacho mezani au kitundikwacho ukutani. Tukiulizwa sanaa ya nchi yetu, mara moja twataja vinyago vya Wamakonde, au picha za marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia nyumba, na wanafunzi wake wakaendelea hata leo. Hizo ni sifa za haki. Lakini Mfipa akiulizwa wewe una nini, mara nyingi hunyamaza. Hana kinyago kinachojulikana sokoni, wala picha ya kumwuzia mtalii. Ndipo watu husema kwamba Ufipa ni nchi ya mahindi na maharage tu, haina sanaa.

Twaikataa kauli hiyo. Mfipa alikuwa na sanaa, ila aliifanyia kazini.

Na tutazame ilungu lilivyojengwa. Fundi mkuu hakuchagua mahali ovyo. Alitafuta pale ambapo mawe ya chuma, udongo wa kichuguu, maji na miti ya kufaa makaa vilikuwa karibu. Kwa hiyo kabla ya kushika udongo ilimpasa kuijua nchi yake kama mtu aujuavyo uso wa mama yake. Udongo ule wa mchwa aliuchagua kwa kuwa hustahimili moto. Wakapanda ukuta duara baada ya duara, wakaacha matundu chini, wakaingiza humo mirija ya udongo uliochomwa. Tanuri likajazwa makaa na mawe ya chuma, likawashwa, na kuanzia hapo hakuna aliyelivuvia. Moto ulipopanda ndani ya ule mnara mrefu, ulivuta wenyewe hewa ya nje kupitia matundu yale, na tanuri likapumua kwa siku kadhaa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyewahi kusikiliza mashine na kujua kwa mlio tu kwamba kazi yaenda vyema, ataelewa vizuri jinsi wahunzi wale walivyokaa usiku wakiisikiliza pumzi ya tanuri lao.

Lakini ufundi huo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba ilungu halikuwa chombo tu. Lilikuwa bibi arusi. Lilipokwisha kujengwa lilipambwa, likaimbiwa na kuchezewa ngoma, na fundi mkuu akahesabiwa kuwa mume wake. Tangu hapo wahunzi walikaa kambini mbali na wake zao, kwa kuwa mtu aliyemposa huyu hakuweza kumwendea mwingine mpaka kazi iishe. Kile kilichokuwa kikikua tumboni mwa udongo kilikuwa mtoto. Chini ya tanuri zilizikwa dawa, nazo zilitoka katika kikapu cha fundi kiitwacho intangala, chenye vipande vya miti na vya wanyama wa nchi ile. Siri ya kikapu ilikuwa ya mwenyewe, na hakumrithisha ila mtu aliyemwamini.

Mtu aliyekusanya nchi yake yote ndani ya kikapu kimoja, akaizika chini ya mnara aliouchonga kwa mikono yake, kisha akauita mnara huo mke wake, alikuwa akisema neno juu ya nafsi yake na ardhi. Mshairi angalilisema kwa beti. Yeye alilisema kwa udongo na moto.

Na neno hilo halikuishia porini. Donge lililotoka ndani ya ilungu, likiwa bado limechanganyika na mavi ya chuma, lilichomwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, mara hii kwa mivukuto, ndipo likafuliwa majembe. Baadhi ya majembe yalilipwa mahari. Mtoto wa bibi arusi wa udongo akaenda kumwoa bibi arusi wa kweli! Mengine yakarudi shambani, yakafukia majani chini ya yale matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo majani huoza yakawa mbolea ya ulezi na maharage. Huo nao ni ufundi ambao mabwana shamba wengi wamekuja kujifunza badala ya kufundisha.

Twajua kwamba msomaji mmoja atainua mkono na kuuliza: Je, mwataka turudi kwenye mizimu? Wafipa walio wengi leo ni Wakatoliki. Wamisionari wamekuwako Karema tangu mwaka 1885. Jibu letu ni kwamba hatumwiti mtu kurudi popote. Mtu aweza kuusifu msikiti wa kale wa Kilwa bila kuwa Mwislamu, na aweza kuliheshimu ilungu bila kuamini dawa zilizozikwa chini yake. Lakini swali hilo si la mchezo, kwa maana limekwisha tudhuru. Jina lenyewe la Sumbawanga watu hulifasiri kuwa ni tupa uchawi, na popote aendapo mtu wa huko hutaniwa habari za radi na safari za ungo. Utani huo waweza kuchekesha, lakini una gharama. Mzee ambaye babu yake alibeba intangala hana hamu ya kulisema jambo hilo mbele ya wajukuu, asije akaitwa mjukuu wa mchawi. Hivyo hunyamaza, na siku moja huzikwa na maneno yake.

Moto wenyewe ulizimika zamani. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliuzwa rahisi, na kodi ya mkoloni ikawatoa vijana kwenda kutafuta kibarua mbali. Mwaka 1937 bwana mmoja, R. C. H. Greig, alipoandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa, kazi hiyo ilikuwa imekaribia kuwa ya kukumbukwa. Baada yake walikuja wengine. Randi Barndon, mwanamke wa Norway, aliwauliza wazee wa Ufipa na Upangwa, na maneno mengi juu ya bibi arusi wa udongo twayajua kwa kazi yake. Mtanzania mwenzetu, Profesa Bertram Mapunda, alichimba katika nchi ya Nkasi, akaonyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Palikuwa na namna nyingine mbili za kuyeyusha chuma, katukutu na ile ya Barongo.

Vitabu vipo basi. Vilivyo hatarini ni malungu yenyewe, kwa kuwa ni udongo. Mvua huyapiga kila masika, ng'ombe hujikuna ubavuni mwake, na jembe la kukokotwa hukaribia kitako chake mwaka hata mwaka. Na hapa yatupasa kuitaja sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Mengi ya malungu yanayosimama bado ni ya baada ya hapo, maana mnara wa udongo haudumu sana kwenye mvua. Yaani lile lililobaki limebaki kwa sababu ni changa, na kwa sababu ni changa sheria hailitambui. Lakini sheria hiyo hiyo humpa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo lolote la namna hiyo kuwa kumbukumbu, hata likiwa la jana. Huhitajiwa tangazo katika Gazeti la Serikali, na kabla yake mtu wa kwenda na kuyahesabu malungu kijiji kwa kijiji, akiongozwa na wazee wanaojua kila moja lilikuwa la nani.

Kazi hiyo ifanywe kiangazi hiki, mvua zisijaanza.