Mchumba Wako Anatembeaje?

Mnaweza kula kuku na chipsi kila Ijumaa, mkapendeza kwenye picha zote, na bado siku ya harusi ikafika humjui vizuri mtu unayefunga naye ndoa. Nani asiyependeza akiwa ameoga, ameshiba na simu ina vocha? Ukitaka kumjua mwenzako, tembeeni kwa miguu siku tano, mlale kwenye mahema, halafu umwangalie akiwa amechoka.

Sisemi ya kusikia. Nimetembea nyanda za juu za Ngorongoro na wasafiri wengine sita: walimu wawili wa Arusha, mke na mume, binti wa Kijerumani na kaka yake, na wachumba kutoka Dar ambao tarehe ya harusi ilishapangwa. Wachumba hao wameniruhusu niandike, ila majina nayaacha.

NJIA YENYEWE

Wengi wetu tukipita Karatu tunaingia geti la Lodoare, tunashuka kreta kwa gari, tunapiga picha simba, basi. Kumbe juu kuna dunia nyingine! Tulianzia Nainokanoka, tukapanda Olmoti, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, ambako mto Munge unaporomoka kuelekea kreta ya Ngorongoro. Kesho yake tukaenda Bulati, kisha Empakaai, kreta yenye ziwa la magadi na heroe wanaoonekana kama maua ya waridi yaliyomwagwa majini. Kutoka hapo tukapita Naiyobi, tukateremka Bonde la Ufa hadi Ngare Sero, huku Ol Doinyo Lengai ukitukodolea macho. Huo ndio mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na mwaka 2007 ulilipuka kwa kishindo.

Mizigo ilibebwa na punda. Usiku baridi ilikuwa kali, jamani, sweta mbili hazikutosha!

BUNDUKI NI MOJA

Kule hutembei bila askari mwenye silaha, maana nyati na chui nao wako kwao. Sisi tulikuwa na askari mmoja. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kimasai, mzaliwa wa Soitsambu, kule Loliondo, kaskazini mwa wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro.

Siku ya pili yule kaka wa Dar alikuwa anakata mbuga kama anawahi daladala. Mchumba wake alikuwa nyuma, raba mpya zimemtoa malengelenge, kichwa kinagonga tangu Olmoti. Kila akiinua macho anaona mgongo wa mwenzake tu. Kiongozi akapiga mluzi, wote tukasimama.

“Kaka, bunduki ni moja,” akasema taratibu. “Ukitangulia, ama wewe huna ulinzi, ama dada hana. Kwetu Soitsambu ng'ombe anayechechemea ndiye anayepanga mwendo wa kundi. Ukimwacha, jioni fisi amemla.”

Kaka akarudi nyuma, lakini kwa kununa. Kila baada ya dakika kumi: “Bado tu?”

MOTONI, EMPAKAAI

Usiku wa tatu, tukiota moto ukingoni mwa kreta, dada akafunguka. “Tatizo si njia. Hata nyumbani uko hivyo. Ukumbi umechagua peke yako. Kiwanja umenunua peke yako. Mimi naambiwa baadaye, eti nifurahi.”

Kimya. Mume wa mwalimu akataka kuchekesha, mkewe akamgusa goti: “Mwache ajibu.”

Kaka akautazama moto muda mrefu. “Nilidhani nikitangulia nakurahisishia.”

“Hujawahi kuniuliza.”

Sikusikia yote waliyoongea baadaye hemani, na hayanihusu. Nilichokiona ni kwamba siku ya mwisho, kwenye mteremko wa mawe na jua la kuchoma, kaka alisimama akauliza, “Tupumzike wapi?” Dada akaonyesha mti. Tukakaa wote.

Harusi wameisogeza mbele ili wapange upya, wote wawili. Ndugu kadhaa wamenuna, kwani kadi zilishaanza kugawiwa. Mimi nimewapongeza. Heri kadi zichapwe upya kuliko mtu kuingia kwenye ndoa akiukimbilia mgongo wa mwenzake.

KABLA HAMJAFUNGA MABEGI

• Viatu vivaliwe wiki kadhaa kabla. Raba mpya dukani ni pambo, mlimani ni adhabu.

• Bebeni sweta nzito, koti la mvua na kofia. Ikweta isiwadanganye.

• Kichwa kikiuma, sema mapema. Kikizidi, dawa ni kushuka, si ujasiri.

• Mwenye mwendo mdogo atangulie, mwenye nguvu awe nyuma yake.

• Kubalianeni pamoja bajeti yote: viingilio, kiongozi, askari, punda na chakula. Hapo tu utajua mengi!

Na mkirudi nyumbani, jiulizeni: kati yenu, nani huwa anaachwa nyuma, na amewahi kuulizwa anapotaka kupumzika?